Haki ya Aliyekaa Nyuma

Katika methali tulizolelewa nazo iko moja ambayo hakuna mtoto wa pwani asiyeijua: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumeirithi kama ilivyo, na kila tuitumiapo kidole humwelekea yule aliyevunjika. Nami niliitumia hivyo miaka mingi, mpaka siku moja huko Mzenga nilipoisikia ikijibiwa. Jibu lenyewe lilikuwa fupi, nalo lilitoka kwa bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mkeka, mwisho kabisa wa umati. Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likinisumbua, na leo naliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wenu ni watu wa kughani na kughaniwa. Neno likisemwa hadharani na lisimfikie mtu, dhamana ni ya nani? Ni ya msikilizaji, au ni ya msemaji pamoja na yule aliyempangia mahali pa kusimama?

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mtu akitoka Unguja huvuka bahari hadi Dar es Salaam, akashika barabara ya Morogoro mpaka Mlandizi, kisha akaiacha barabara kuu na kuingia kusini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita pande hizo. Ni nchi ya Wazaramo, nchi ya mihogo, mikorosho na miembe. Mtoto wa mama yangu mdogo ameolea huko, naye ndiye aliyenialika nikaghani shairi katika hafla ya kuchangia ujenzi wa vyumba vya madarasa. Palikuwa na ngoma, palikuwa na kwaya ya wanafunzi, na palikuwa na hotuba, kama ada.

Uwanja ulikuwa na mteremko wa wastani. Juu, upande wa magharibi, kuna njia na nyumba kadhaa. Chini, upande wa mashariki, kuna mwembe mkubwa. Jukwaa la mbao lilijengwa juu, kando ya njia, ili wageni waliokuja na magari wasitembee. Jenereta iliwekwa nyuma ya jukwaa, hatua chache tu, ili waya usiwe mrefu. Spika mbili kubwa zikasimamishwa kulia na kushoto kama walinzi wa lango. Wageni walikaa chini ya turubai mbele ya jukwaa, na wenyeji wakajipanga kuteremka mteremko hadi karibu na mwembe. Kila uamuzi katika hiyo ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilimhusu mtu wa mbele. Sikuliona jambo hilo siku ile. Nilipanda, nikaghani, turubai likapiga makofi, nikashuka nimeridhika na nafsi yangu.

Baada yangu alisimama mzee mmoja wa hapo, mtu anayeheshimika, akazungumzia shamba la shule. Alisema: mwaka huu tutalima pamoja. Waliokuwa mbele walisikia *tutalima*. Waliokuwa nyuma, au wengi wao, walisikia *tutalipa*. Minong'ono ikaanza kule chini, ikapanda kama moshi, na kabla jua halijatua wapo waliokwishakunja mikeka yao kwenda zao, wakisema wamealikwa ngomani kumbe wameitiwa mchango mwingine. Yule mzee alipoambiwa alikasirika. Akateremka mwenyewe hadi kwa waliobaki, akawapigia ile methali ya guu. Ndipo yule bibi akamjibu, kwa adabu yote, bila ya kuinuka: "Mwanangu, la mkuu halikufika huku. Lingefika tungelisikia."

Sijui kama yupo miongoni mwetu awezaye kulipinga jibu hilo. Methali yetu inachukulia kwamba neno la mkuu limekwishawasili, na kwamba kilichobaki ni utiifu wa sikio. Lakini baina ya kinywa na sikio kuna safari, na safari hiyo ina sheria zake ambazo hazijali nani ni mkuu.

Natuzitazame sheria hizo kidogo, kwani mshairi asiyezijua ni kama nahodha asiyejua maji. Katika uwanja wa wazi sauti haina dari wala kuta za kuikusanya. Huenea pande zote, na kila umbali unapokuwa maradufu hupungua kwa desibeli 6. Aliyekaa mita 40 kutoka kwa msemaji hupata desibeli 12 pungufu ya aliyekaa mita 10, na hiyo ni hesabu ya hewa tulivu. Alasiri, ardhi ikisha kuchomwa na jua, hewa iliyo karibu na mchanga huwa na joto kuliko ya juu yake. Na kwa kuwa sauti hukimbia zaidi katika hewa ya moto, njia yake hupinda kuelekea angani na kupita juu ya vichwa vya watu. Upepo nao una kauli yake. Ukivuma kutoka kwa msemaji kwenda kwa wasikilizaji, huiinamisha sauti iwashukie. Ukivuma kinyume, huinyanyua na kuitupa. Siku ile upepo wa alasiri ulitoka mashariki, upande wa bahari, ukipanda mteremko na kutupiga usoni sisi tuliokuwa jukwaani. Tuliufurahia kwa ajili ya ubaridi wake. Kumbe ulikuwa ukiyabeba maneno yetu na kuyarudisha njiani, pamoja na muungurumo wa jenereta.

Liko na jambo jingine, na hili wapenzi wa ushairi wataliona upesi. Katika usemi, irabu ndizo zenye nguvu. Konsonanti nyingi ni pumzi tu, au mguso mdogo wa ulimi na midomo. Neno likichoka njiani, kinachokufa kwanza ni konsonanti. *Tutalima* na *tutalipa* yana mizani nne kila moja, na irabu zake ni zile zile kwa mpangilio ule ule. Yanatofautiana mahali pamoja tu, pale midomo inapokutana na kuachana. Sikio la mtu wa nyuma lilipokea mwili wa neno bila ya uso wake, likaumalizia lenyewe, na aghalabu sikio hukamilisha kwa lile linaloliogopa. Watu waliozoea kudaiwa walisikia deni. Siwalaumu.

Fundi mitambo alipoona nyuma hawasikii, alifanya kile ambacho mafundi wengi hufanya: akaongeza nguvu. Spika zikaanza kukwaruza, wageni wa turubai wakaziba masikio, na ukuta wa darasa lililo kando ukaanza kurudisha kila silabi juu ya silabi inayofuata. Hili la ukuta nalo ni hesabu. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Ukuta ulio mita 25 nyuma ya msikilizaji humrudishia neno baada ya safari ya mita 50, yaani karibu sehemu ya saba ya sekunde, na kwa muda huo msemaji ameshafika kwenye silabi nyingine. Ukiongeza nguvu ya neno, waongeza na nguvu ya mwangwi wake. Sisi watu wa Mji Mkongwe tunaujua mwangwi huu pale Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 na ambayo kwa miaka mingi imekuwa nyumba ya tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004. Kuta zile zilijengwa kuzuia adui. Mwanamuziki anayepiga baina yake hana budi kuafikiana nazo kwanza.

Hapa msomaji aweza kuniuliza: je, wewe unataka turudi kwenye zama za kabla ya kipaza sauti? La, hasha. Siti binti Saad alipokuwa akiimba majumbani na mabarazani hapa Unguja katika miaka ya 1920, kipaza sauti hakikuwa chombo cha kumbi zetu; kifua chake ndicho kilichokuwa chombo. Lakini mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurikodiwa, mashine iliichukua sauti yake na kuifikisha kwa watu ambao yeye hakuwaona na hawakumwona. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, aliandika habari za mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa imeshasafiri mbali kuliko miguu yake. Wangapi kabla yake walikuwa na maneno mazuri, yakafia chumbani kwa sababu vifua vyao vilikuwa vidogo? Kipaza sauti kimemtendea haki mwenye sauti nyembamba, mwenye haya, mzee, na msichana asiyezoea kusimama mbele ya wanaume. Bila ya chombo hiki jukwaa lingekuwa la wenye mapafu tu. Anayekisifu zaidi kifua kitupu mara nyingi ni yule aliyejaaliwa nacho.

Basi dhambi haimo ndani ya chombo. Imo katika kudhani kwamba nguvu ni badala ya mpango. Wagiriki walijenga ukumbi wa Epidaurus katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mahali pa wazi, unaochukua watu zaidi ya elfu kumi. Hawakuwa na waya hata mmoja. Walichofanya ni kuchagua mteremko wa kilima, wakamweka msemaji chini na watu juu yake kwa safu, ili kila sikio lipate njia yake bila ya kuzibwa na kichwa cha jirani. Watalii husimuliwa kwamba sarafu ikidondoshwa katikati husikika hadi safu ya mwisho. Mwaka 2017 wapimaji kutoka Eindhoven, Uholanzi, walipoupima ukumbi huo walikuta masimulizi hayo yametiwa chumvi: mnong'ono haufiki mbali, lakini msemaji anayepaza sauti yake vizuri hufahamika hata huko juu. Mimi hili limenipendeza kuliko hadithi ya sarafu. Linasema kwamba mahali pazuri humsaidia msemaji bila ya kumwondolea wajibu wake.

Na wajibu huo una uzito kuliko starehe ya tamasha. Uwanja unaochezewa ngoma vijijini mwetu, aghalabu ndio huo huo unaofanyiwa mikutano. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, kila mkaazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria haikusema "kila aliyekaa mbele". Lakini mtu aliyehudhuria akiwa amekaa mahali ambapo *tutalima* huwa *tutalipa*, ameshiriki nini? Mkono wake ukiinuka, umeinukia neno lipi? Tumezoea kuuliza kama watu wamepewa nafasi ya kusema. Ni mara chache mno tunauliza kama wamepewa nafasi ya kusikia, ilhali bila ya hii ile ya kwanza ni mapambo.

Liko pia la jukwaa lenyewe. Jukwaa huinua, na kwa kuinua hugawa: huku wasemao, kule wasemewao. Ngoma zetu nyingi hazikuijua mipaka hiyo. Mdundiko wa Wazaramo hauna jukwaa kabisa. Hutembea, na watu huufuata, hata wazazi wa Dar es Salaam wamekuwa wakiwaonya watoto wasije wakapotelea kwenye mdundiko. Katika mdundiko hakuna safu ya nyuma ya kudumu, kwa sababu aliye nyuma akitaka huongeza hatua. Katika ngoma ya duara hali ni hiyo pia: wa nyuma yu hatua tatu kutoka kwa mpigaji. Wenye hekima hiyo ndio tuliowapandisha juu ya mbao, tukawageuza wote watazame upande mmoja, upande wa wageni.

Nilirudi Mzenga mwaka uliofuata, kwa hafla kama ile. Yule mzee, nampa haki yake, hakulisahau jibu la bibi. Jukwaa lilikuwa limehamishwa, likajengwa chini karibu na mwembe, mpaka wa magoti tu kwenda juu. Watu sasa walikaa kwenye mteremko, na vijana walikuwa wameuchonga kwa majembe ukawa na ngazi sita za udongo. Upepo uleule wa mashariki sasa ulitupiga mgongoni na kuyasukuma maneno kwa wasikilizaji. Jenereta ilipelekwa mbali nyuma ya kilima, upande uendako upepo. Zile spika mbili kubwa hazikukodiwa. Zilikuja nne ndogo, mbili mbele na mbili katikati ya watu. Fundi alinionyesha jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Zile za katikati zilikuwa kiasi cha mita 34 kutoka jukwaani, na alikuwa amezichelewesha kwa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Akanieleza: "Zikisema pamoja na za mbele, wa nyuma atasikia neno mara mbili. Shurti zingojee neno lenyewe lifike kutoka jukwaani, ndipo zilitie nguvu. Hapo mtu huona kama anasemeshwa na mwenyewe." Mimi ni mfasiri, na sijapata kusikia maelezo bora ya kazi ya ufasiri kuliko hayo. Msaidizi amwache mwenye neno atangulie.

Wapigaji ngoma walikataa jukwaa jipya kama walivyolichukia la zamani. Wakaachiwa kiwanja mbele yake, juu ya mchanga, na duara lao. Hakuna aliyelazimisha.

Lakini nisiwahadithie kana kwamba kila kitu kilitulia. Kuligeuza jukwaa kulizua deni jipya. Kwanza spika zilipokuwa zikitazama mashariki, nyumba za njiani zilikuwa nyuma yake. Sasa ziko mbele, juu ya mteremko, na katika nyumba mojawapo palikuwa na mgonjwa. Tulikuwa tumemtendea haki wa nyuma kwa mali ya jirani. Hapo ndipo swali langu lilipoongezeka upande wa pili: kama neno lina wajibu wa kumfikia aliyelijia, je, halina wajibu wa kumwacha asiyelijia?

Nadhani linao. Masikio hayana kope. Mtu aweza kufumba macho asione lisilomhusu, wala hawezi kufumba masikio. Na usiku jambo huzidi, kwa kuwa ardhi ikipoa sauti hupindishwa kuelekea chini na kusafiri mbali, ndiyo sababu ngoma ya kijiji cha pili twaisikia saa nane za usiku ilhali mchana hatukuisikia. Tena kinachopenya ukuta si shairi. Konsonanti zote zimekwishakufa njiani. Kinachofika kwa mgonjwa ni mdundo mtupu wa besi. Anapata adha ya neno bila ya kupata neno. Tanzania Bara ina kanuni za 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, na ni vyema ziwepo. Lakini aliyezoea vigodoro vya mitaani anajua kwamba kanuni peke yake hailazi mtoto.

Kule Mzenga walifanya la kawaida kabisa. Walikwenda kwenye nyumba ile kabla ya hafla, wakauliza. Wenye nyumba wakasema: tumieni, ila isha isipite mkiwa bado mnapiga. Spika zikainamishwa zitazame watu, sauti ikapunguzwa, na kwa kuwa nne ndogo zilikuwa karibu na masikio, kupunguza hakukumdhulumu mtu. Saa ya ahadi ilipofika ngoma ilikuwa imenoga. Vijana walinung'unika. Yule mzee akasimama, akakata, na niliona uso wake kwamba naye alitaka iendelee. Maadili ya sauti, kwangu mimi, yalikuwa pale: katika kukata kitu kizuri kwa ajili ya mtu asiyeonekana.

Nami je? Katika miaka thelathini ya kughani mashairi hadharani, sikuwahi hata mara moja kwenda kukaa mwisho wa umati nikasikiliza waghani wenzangu wanavyofika huko. Nilihesabu mizani, nilipima vina, nilibishana na wenzangu juu ya herufi moja. Na herufi hizo hizo nilikuwa nikiziachia zife mita 40 mbele yangu bila ya kwenda kuzizika. Mara hii, kabla ya kupanda, niliteremka kwenye jukwaa la majaribio, nikapanda ngazi sita za udongo, nikakaa juu kabisa. Bibi alikuwepo na mkeka wake. Nikamwomba mtoto mmoja asimame chini ya mwembe aseme lolote. Akasema jina lake na la baba yake. Tulilisikia lote.

Beti nililoghani alasiri ile ni hili, nami naliacha hapa kwa wenye kulirekebisha:

Sauti si nguvu zake, sauti ni kufikia,
Mwenye neno na aweke, wa nyuma kulisikia,
Jirani apumzike, mlango kajifungia,
Kila mtu haki yake, na kimya ni haki pia.

Nilipomaliza nilimtazama yule bibi, nikamuuliza kwa mbali kama limefika. Akaniinulia mkono. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida ambayo niliisikia bila ya taabu kutoka juu kule, kwamba mstari wa pili una kasoro. Bado naufikiria.